Kicheko Ndani ya Wimbo wa Kolekole

Ukishuka kwenye chapa, basi dogo la abiria, pale Mocímboa da Praia na unataka kwa Alawi, usisumbue mtu kumuuliza. Fuata masikio. Penye nyimbo mbili zinazogombana kwa wakati mmoja, na katikati yake mwanamume mwembamba katulia kama hasikii hata moja, hapo ndipo. Ana meza ya mbao ambayo mguu wake mmoja umefungwa kwa waya, mwavuli uliochanika, paneli ya sola juu ya bati la duka la jirani, na kompyuta iliyong'oka vitufe, herufi nyingine anazibonyeza kwa njiti ya kiberiti. Unampa simu yako au kadi yako ya memori, unamtajia unachotaka, taarabu, pasada, kaswida, yeye anakujazia. Kazi yake ndiyo hiyo. Wapo wanaosema si kazi. Alawi hawajibu, maana hata mama mkwe wake alimwambia hivyohivyo siku ya posa, na mke akapewa.

Mke huyo ndiye Awa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkono mzito wa chumvi, na alipocheka, jirani wa nyumba ya tatu alitoka nje kuuliza kuna nini. Hakupenda kupigwa picha. Ukimwelekezea simu alijifunika uso kwa leso, akasema, "Niache miye, nitatoka kama maiti." Mpaka leo Alawi hana hata picha moja ya mke wake, na akiyakumbuka maneno yale anajilaumu kwa nini hakumpiga hiyo picha kwa nguvu.

Lakini watu wengi wanaokwenda kwenye meza ile hawafuati taarabu. Wanamfuata Kolekole. Jina la nyumbani Suleimane, mtoto wa pekee wa Bi Siwema wa mtaa wa Milamba. Kolekole alibandikwa na wavuvi, kwa vile alikuwa mwembamba na hatulii mahali pamoja, kama huyo samaki. Kijana huyu alikuwa anachana mistari, jamani! Na alichana kwa lugha yetu ileile ya gengeni, Kiswahili ndani ya Kimwani, Kimwani ndani ya Kiswahili, na Kireno kidogo pale alipotaka kumkejeli mwenye cheo. Hakuimba magari asiyokuwa nayo. Alisalimia watu. Kila wimbo ulikuwa na salamu zake: mama anayeuza dagaa, fundi wa nyavu, msichana aliyerudia darasa mpaka mwalimu akamzoea. Kutajwa na Kolekole ilikuwa heshima kuliko kualikwa harusini. Watu walimletea pweza ili awataje, na wengine walimletea pweza ili asiwataje.

Mtu mmoja tu mjini alikuwa hazijui nyimbo hizo, naye ni mama aliyemzaa. Bi Siwema alikuwa mwanamke wa msala, akisomesha Kurani watoto wa kike barazani kwake, na kwa upande wake ngoma ni ngoma, haramu ni haramu. Mwanawe akianza kuimba uani, yeye aliingia ndani akaziba masikio. Alimpikia, alimfulia, alimuombea dua, akamsema asubuhi na jioni, lakini wimbo wake hata mmoja hakuusikiliza.

Nyimbo zenyewe walirekodi chumbani kwa Alawi. Waliegemeza godoro mlangoni ili kelele za nje zisiingie, wakafunika dirisha kwa blanketi, wakawa wanatokwa jasho humo ndani kama mikate kwenye tanuri. Awa alikuwa nje na sufuria zake, analalamika kwamba ameolewa na mtu mmoja lakini anapikia wawili, na kitanda chake mchana kutwa hakina godoro. Kolekole alimwita shemeji, na wali wake akausema, na akaumaliza.

Wimbo wa mwisho waliorekodi uliitwa "Salamu za Milamba". Mwanzoni, kabla mdundo haujaingia, unamsikia Kolekole anakohoa, anasema, "Iko tayari? Ngoja kwanza. Mama akiisikia hii, leo silali ndani." Kisha ngoma inaanza, na salamu zinaanza. Alipofika katikati alibadilisha mstari bila kumwambia mtu, akamsalimia Awa na wali wake wenye mawe. Awa alikuwa nyuma ya lile godoro, na mwiko mkononi. Aliangua kicheko kikapita godoro, kikapita blanketi, kikaingia kwenye mashine juu ya ngoma. Alawi alitaka warudie. Kolekole akakataa. "Wimbo bila kicheko hiki una maana gani? Kiache."

Wakakiacha. Walisema watautoa wimbo baada ya kuurekebisha kidogo. Ndani ya juma hilohilo mji ukavamiwa.

Ule ndio mwaka wa elfu mbili na ishirini, na wale watu hatuwataji, midomo yetu ina kazi nyingine. Siku hiyo Awa alikuwa kwa mama yake, karibu na pwani. Wanawake wakasukumwa kwenye mashua moja na watoto na mabunda, mashua ikaondoka imeelemewa, ikielekea kusini. Haikufika Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Haikufika kisiwa cha Ibo. Wapo waliosema waliiona, ukiwauliza wapi wanaonyesha bahari yote kwa mkono. Alawi alikuwa mezani kwake sokoni risasi zilipoanza. Aliweza kuchomoa diski tu kwenye kompyuta, akaifunga kwa mfuko wa plastiki tumboni, akakimbilia porini na Kolekole. Baadaye, kwenye mahema ya waliokimbia, mtu mmoja alimcheka kwamba wenzake walikimbia na watoto, yeye kakimbia na chuma. Alawi alimwambia ni kweli.

Porini walikunywa maji ya madimbwi, na maji yale yakamshika Kolekole tumbo. Karibu na kijiji cha Diaca, chini ya mikorosho ya mtu asiyejulikana, akashindwa kusimama. Msimdhanie kwamba alitoa wosia au alichana mistari ya kuaga. Aliomba maji, akayatapika, akaomba tena, hayakuwapo. Alfajiri alikuwa keshamaliza. Alawi hakuwa na maji ya kumwosha wala sanda. Alimpangusa uso na mikono kwa udongo mkavu kama tulivyofundishwa kutayamamu, akamvisha shati lake mwenyewe, akachimba kwa bakuli la bati, akamswalia peke yake huku anatazama nyuma. Mtu anayezika hivyo hamalizi kuzika.

Miaka ilipita huko Pemba. Wakimbizi waliitwa deslocados, jina refu kwa neno fupi, njaa, na watu walipoanza kurudi, Alawi alirudi. Mji ulikuwa umeungua, lakini watu bwana, mtu akirudi kitu cha kwanza anatafuta ufagio, cha pili anatafuta muziki. Kwa kuwa wengine walipoteza simu, na wengine walizizika porini wasikutwe na nyimbo ndani yake, sauti ya Kolekole ilikuwa imebaki kwenye diski ya Alawi. Akawajazia. Wenye mota, pikipiki za abiria, wakampiga Kolekole kwenye spika zao, wauza samaki wakampiga, madereva wa chapa wakampiga mpaka spika zikakohoa.

Tukaanza desturi. Kila mwaka, siku aliyofariki, mashabiki wake wanakusanyika sokoni kwa Alawi. Kiongozi wao ni Abdulcarimo, dereva wa mota mwenye sauti ya mnadi, ambaye amechora samaki kolekole kwenye tangi la mafuta. Zinapigwa nyimbo zote, na jina likitajwa la mtu aliyekufa au aliyepotea, watu wanaitikia "Mungu amrehemu", halafu wanaendelea kucheza huku wanalia. Mgeni akituona atasema tumerukwa na akili. Wengi wetu hatuna kaburi la kwenda kusomea. Tulikuwa na salamu zile.

Na mwisho wa siku hiyo Alawi anapiga "Salamu za Milamba", mara moja, kutoka kwenye mashine yake. Wimbo huo hakumjazia mtu hata mmoja. Walimbembeleza, walimtukana, walimletea pweza. Alikataa. Nyimbo nyingine ni za mji, alisema, huu ni wake. Kwa kuusikia mara moja kwa mwaka watu waliushika wote kwa moyo, na pale mwanamke anapocheka, soko zima lilinyamaza. Walijua ni nani. Siku za kawaida, baada ya swala ya alasiri, ukimwona Alawi amevaa visikizio na amelala kifudifudi juu ya meza, ujue yuko pale. Anasikiliza kicheko, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Mteja mwenye adabu alisubiri.

Basi mwaka huu, siku chache kabla ya kumbukumbu, Bi Siwema akaja. Tangu vita alikuwa Olumbi kwa dada yake, akilima, hajakanyaga Mocímboa. Alishuka kwenye chapa na kikapu chake, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza. Alikuwa amepungua sana, buibui limebaki kubwa.

"Shikamoo, mama," Alawi akasimama, akazima kila kitu.

"Marahaba, mwanangu." Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akapumua. "Umezima? Ahsante. Kutoka Olumbi mpaka hapa dereva ananiimbishia mwanangu. Nimeziba masikio mpaka mikono imeuma. Nikamwambia, baba, zima, huyo ni maiti. Akaniambia, bibi, huyo hafi."

Alawi akainamia ule waya wa mguu wa meza, akaanza kuukaza.

"Alawi, mimi namuota," Bi Siwema akasema. "Namuota amebeba mzigo kichwani. Nikinyoosha mikono nimtue, ngoma inalia mahali, mzigo unazidi. Ananitazama tu. Aliyekufa kazi yake imekatika, kasema Mtume, ila vile alivyoacha. Sasa huyu wangu aliacha nini? Kila mkibonyeza hivyo vidude vyenu, yeye kule anaandikiwa. Yeye kanyamaza, nyinyi mnakataa anyamaze."

"Mama, watu wanampenda."

"Najua wanampenda! Wamwombee basi." Akafuta macho kwa ncha ya buibui. Kisha akamshika mkono, na sauti ikashuka. "Wewe ndiye uliyemwosha kwa udongo. Mimi mama yake sikuwapo, ulikuwapo wewe. Nakuomba, malizia kumwosha. Zifute zote. Usibakishe."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Alawi hakuwa na mtoto, lakini aliujua mkono ule. Ulikuwa na vidole vya Suleimane. Akasema, "Nimesikia, mama." Hakuahidi zaidi ya hapo, na Bi Siwema hakumlazimisha. Akaenda kufikia kwa jamaa zake Milamba.

Alawi akaenda kwa Mwalimu Buanali, imamu wa msikiti wa mtaani, akamkuta anapogoa mpapai. Akamweleza yote. Mwalimu akaweka panga chini.

"Wapo wanazuoni wanaosema mtu hufuatwa kaburini na alichokiacha, kheri kwa kheri, shari kwa shari," akasema. "Na ipo rehema ya Mungu, ambayo hakuna mwanachuoni aliyeuona mwisho wake."

"Sasa mimi nifanye nini, Mwalimu?"

"Ukifuta, umemridhisha mzazi. Usipofuta, mimi sijafika kaburini nikarudi." Hapo simu ya Mwalimu ikaita mfukoni, na mlio wake ulikuwa Kolekole, tena wimbo wa kejeli. Mwalimu akaibana kwa mikono miwili. "Wajukuu hawa! Wananiharibia simu." Alawi alikaribia kucheka. Akauliza swali la mwisho: kama marehemu anasema tu, haimbi, hakuna ngoma? Mwalimu akafikiri, akasema kusema ni kusema, mtu haadhibiwi kwa kukohoa.

Alirudi kwa miguu, na njiani ndipo lilipomjia jambo zito zaidi. Alikuwa akijipa moyo: atafuta nyimbo zote, atauficha huo mmoja, nani atajua? Mashine yake, diski yake. Mara akasimama katikati ya njia, mota ikampigia honi, hakusikia. Awa je? Kicheko chake kimo mlemle, juu ya ngoma ileile. Kama mdundo unamwongezea mzigo Suleimane, Awa unamwacha vipi? Kila alasiri anarudisha nyuma, anarudisha tena, mara ngapi kwa miaka yote hii? Je, kama amekuwa akimtesa mkewe kwa mapenzi? Hakuwa na hakika. Lakini nani angetaka kuhakikisha? Akakaa kando ya barabara kama mgonjwa mpaka jua likapoa.

Siku ya kumbukumbu ikafika. Watu walipokuja na spika zao walikuta majamvi yametandikwa, wali wa sadaka unapikwa kwenye masufuria makubwa, na Mwalimu Buanali na wanafunzi wake wamekaa kusoma hitima. Tukasoma. Baada ya dua, Alawi akasimama, mtu asiyezoea kuhutubia, akasema alichoombwa na mama wa marehemu. Akasema hawezi kumlazimisha mtu, ila yeye anafuta, na anayempenda Kolekole amsaidie.

Ungedhani amemwaga maji ya moto. Abdulcarimo akaruka.

"Alawi, una wazimu? Walioichoma Mocímboa ndio waliosema muziki haramu! Watu wamepigwa kwa sababu ya kadi ya memori! Mimi nilizika simu yangu porini, nikarudi kuifukua kwa kucha. Leo wewe, wewe, ndiye unayetumalizia kazi yao?"

Bi Siwema alikuwa upande wa wanawake, ameinamisha kichwa.

"Wale walikuja na panga, Karimo," Alawi akasema. "Huyu kaja na kikapu. Wale ukiwakatalia wanakuchinja. Huyu ukimkatalia anarudi Olumbi kulia. Ndiyo maana mimi siwezi."

Abdulcarimo akamtazama yule mama, akaitazama simu yake. Akatukana kitu kwa Kireno, hakumtukana mtu, aliitukana dunia. Halafu akawa wa kwanza kuja mezani. "Futa wewe," akasema, "mimi mkono haukubali." Wakaja wengine. Wauza samaki walikuja wanalia waziwazi, wanambusu Bi Siwema mkono, wanapanga mstari kama wanaoaga maiti. Sisemi wote walifuta. Wapo waliokwenda na simu zao kimyakimya, na simu za Pemba na Mtwara huko zimejaa, hilo halizuiliki. Ila wimbo mmoja ulikuwa mahali pamoja tu.

Watu walipotawanyika kula, Alawi akavaa visikizio. Akaupiga "Salamu za Milamba" mpaka kwenye kicheko, akausimamisha hapo. Hakurudisha nyuma. Kisha akafanya jambo moja: akakata kile kipande cha mwanzo, pale Kolekole anapokohoa na kusema kabla ya ngoma, akakihifadhi peke yake kwa ajili ya mama. Kicheko alijaribu kukikata pia. Kilikuwa juu ya ngoma, ukikishika unashika na ngoma. Akafuta. Mashine ikamuuliza kwa Kireno kama ana hakika.

"Sina," Alawi akaijibu kwa sauti, akabonyeza.

Asubuhi ya pili Bi Siwema alikuja kuaga. Alikuwa amelala vizuri, hakuota kitu, uso umekunjuka. Abdulcarimo alikuwa amembeba kwa mota kutoka Milamba, bado amenuna, anamsubiri amfikishe kwenye chapa ya Olumbi. Alawi akamkabidhi kisimu kidogo cha vitufe.

"Mama, humu hamna ngoma. Nimemuuliza Mwalimu. Ni Suleimane anasema tu. Ukitaka."

Bi Siwema alikitazama kisimu kama anatazama nge. Kisha akakiweka sikioni, na Alawi akambonyezea.

"Iko tayari? Ngoja kwanza. Mama akiisikia hii, leo silali ndani."

Mama wa watu akashtuka, akashika kifua. Halafu, msiamini, akacheka. "Muongo huyu! Nimemfungia nje lini? Mara moja tu, na nikamfungulia mwenyewe!" Akataka tena. Akakohoa Suleimane, akasema Suleimane, ikakatika. Akataka tena. Machozi yanashuka hayafuti. Akamtazama Alawi na macho ya mtoto anayesimuliwa hadithi.

"Halafu?"

"Halafu ngoma inaingia, mama."

"Najua ngoma inaingia. Akasema nini?"

Alawi alitazama mashine, mazoea tu, maana maji yakimwagika hayazoleki. Akasema kwa kinywa chake, polepole, pasipo mdundo, kama anayesoma:

"Salamu ya kwanza nampa mama Siwema,
ananisema mchana, usiku ananiombea mema."

"Alinitaja?" Bi Siwema akauliza.

"Wa kwanza, mama. Kabla ya mtu yeyote."

"Mimi?" Akakaa kwenye kigoda, kisimu kimemlala mapajani. "Na mimi nikaziba masikio. Miaka yote ile nimeziba masikio, Alawi! Endelea. Endelea, mwanangu, ulimi si ngoma."

Abdulcarimo akazima mota. Ndiye aliyeendelea, amenuna vilevile, anaitazama barabara:

"Ya pili kwa Mzee Mussagy, anashona nyavu pwani,
meno kabaki nayo mawili, maneno tele mdomoni."

"Mungu amrehemu," Bi Siwema akasema. Mzee Mussagy alikuwa jirani yake. "Halafu?"

Zamu ikawa ya Alawi. Alisema:

"Ya tatu kwa Awa wa Alawi, wali wake una mawe,
Alawi anatafuna kimya, mapenzi hayo, mwacheni mwenyewe."

Akanyamaza. Abdulcarimo naye alinyamaza, akainamia usukani wa mota, kwa sababu hapo ndipo soko lote lilipokuwa likinyamaza kila mwaka.

"Mbona umeacha? Halafu?"

"Hapo mke wangu anacheka, mama."

Bi Siwema alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya wali wenye mawe. Tabasamu likabaki usoni halina mwenyewe. Alimjua Awa. Aliijua habari ya mashua. Akaitazama mashine, akamtazama Alawi.

"Sauti yake ilikuwa humo?"

"Ndiyo."

"Na umefuta."

"Ulisema nisibakishe."

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilimtoka nyembamba. "Alawi, mbona hukuniambia? Ningekuomba vipi kitu kama hicho? Mimi nilikuja kwa ajili ya mwanangu, sikuja kuzika mke wa mtu! Mbona hukusema?"

"Niliogopa na yeye asije akawa anaumia, mama. Sikujua. Nani anajua?"

Bi Siwema alimvuta mkono, akamkalisha chini karibu na kigoda, mwanamume mzima, mbele ya soko, akamfuta uso kwa ncha ya buibui kama anavyofutwa mtoto. Wauza samaki wakageukia upande mwingine.

"Nionyeshe basi," akasema. "Mimi wimbo nimeupata kwa midomo yenu. Na huyu naye tumpate. Alikuwa anachekaje?"

Alawi akafungua mdomo amwonyeshe. Alikisikia kichwani, kikubwa, karibu kabisa, nyuma ya godoro. Akajaribu, hakikutoka. Akajaribu tena. Kilichotoka kilikuwa kilio, na chapa ya Olumbi ikapiga honi, ikapiga tena, ikaondoka bila Bi Siwema.